Apli ya kuruti simu kwa kubonyeza mara moja: inafanya kazi kweli?

kijana_Kadutu

Jambo bandugu wote. Niko Bukavu, huku Kadutu, na niko na shida ya telefone mbili. Moja ni ya mzee wangu, ya kitambo, Android 4.4.4, memori giga 8, inajaa kila wakati, foto moja tu inaleta "mémoire insuffisante". Ingine ni yangu, Android 12, chipu ya MediaTek. Hiyo inaenda vizuri lakini ilikuja na apli mingi zenye situmie hata siku moja. Kufuta inakatala, inanipa "désactiver" tu, na zingine hata hiyo hakuna. Tena matangazo yanatokea hata sijafungua kitu.

Mwenzangu wa auditoire alinitumia APK moja (faili ya kuinstalla apli) kwa Xender, ile apli ya kupitishiana mafaili. Anasema kama unabonyeza mara moja tu, unangoja asilimia zifike mia, telefone inakuwa na ruti, ni kusema uko na mamlaka yote juu yake, unafuta chenye unataka, na eti unaweza hata kupata mega za bure. Sijaiinstalla bado. Nibonyeze ao niache? Ordinateur naweza kuazima kwa yaya yangu, mkubwa wangu wa nyumbani.

Temeke_Damu

Mkuu bonyeza, acha woga. Enzi za Android 4 nilikuwa naruti simu za mtaa mzima hapa kwa KingRoot, dakika mbili kazi imekwisha. Unafuta takataka zote, simu inapumua. Hao wanaotisha watu ni mafundi wanaotaka ulipie.

Fundi_Nyawera

Temeke, fundi ni mimi, na kulipwa nalipwa. Tena simu nyingi zinazonilipa zimetoka kwenye hayo mabonyezo ya dakika mbili, kwa hiyo ningekuwa nafuata pesa ningemwambia dogo abonyeze.

Mudogo wa Kadutu, hiyo APK usiifungue kwanza. Nakueleza sababu, na mwenye haraka ashuke hadi chini.

Android imejengwa juu ya Linux. Kila apli unayoweka inapewa namba yake ya mtumiaji na chumba chake ndani ya /data/data, na haina ruhusa ya kuchungulia cha jirani. Mwenye kuingia vyumba vyote ni mtumiaji namba 0, ndiye root. Simu ikitoka kiwandani nafasi hiyo hupewi, hata kama umeilipa yote taslimu. Kuruti ni kuichukua, na inachukuliwa kwa njia mbili: kupita mlangoni au kupita dirishani. Mlangoni ni kufungua butiloda, programu ya kwanza kuamka simu ikiwashwa, kwa utaratibu aliouacha mtengenezaji mwenyewe, halafu kuweka ruti kwenye faili la kuwashia simu. Dirishani ni kutafuta kosa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, au programu za mfumo, kupenya hapo, na ukiwa ndani kujiandikia ruhusa. APK zote za "bonyeza mara moja" ni za dirishani. Ndiyo maana hazihitaji kompyuta wala hazifuti data, na ndiyo maana dirisha likizibwa zinabaki mapambo.

Nitoe mifano. Mwaka 2010 kulikuwa na kitu kinaitwa rageagainstthecage. Android ya wakati ule ilikuwa na adbd, ile huduma inayoongea na kompyuta kwa waya wa USB. Ilikuwa inaanza ikiwa root, kisha inajishusha yenyewe kuwa mtumiaji wa kawaida, lakini haikuhakikisha kama kushuka kumefaulu. Basi jamaa wakaandika programu inayozaa michakato mfululizo hadi idadi inayoruhusiwa ijae, halafu adbd inaanzishwa upya. Inajaribu kushuka, kerneli inakataa kwa kuwa hakuna nafasi, na adbd inabaki root bila habari. Ndiyo injini iliyokuwa ndani ya z4root. Mimi mpaka leo naiona ni akili nzuri sana, hata kama ni ya kuvunjia.

Desemba 2012 ikaonekana kwamba simu za chipu ya Exynos 4, kama Galaxy S III na Note II, zina faili /dev/exynos-mem ambalo apli yoyote inaweza kulisoma na kuliandika. Kupitia faili hilo unafikia RAM yote ya simu. Aliyeliona, anayejiita alephzain kule XDA, jukwaa la wachezea simu mtandaoni, ndiye aliyetoa Framaroot: unafungua, unakuta majina kama Gandalf, Boromir, Aragorn, kila jina na tundu lake, unagusa moja, likikataa unagusa lingine. Juni 2014 akaja George Hotz na Towelroot, kitufe kimoja kimeandikwa "make it ra1n". Alitumia kosa la sehemu inayoitwa futex ndani ya kerneli ya Linux, CVE-2014-3153 (hiyo ni namba ya tundu kwenye orodha ya dunia), na simu nyingi sana ambazo kerneli yake ilijengwa kabla ya tarehe 3 Juni 2014 zilifunguka.

Sasa angalia hizo tarehe, halafu uangalie simu yako ni ya lini. Android 5.0, mwaka huohuo wa 2014, iliweka SELinux kazini kwa mfumo mzima: hata ukiwa namba 0 bado unaulizwa unatoka mchakato gani na unataka kugusa nini. Kuanzia Agosti 2015 Google wakaanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Android 7.0 ya 2016 ikaleta ukaguzi mkali wakati wa kuwaka. Zamani apli ilikuwa inatupia faili moja tu, su, ndani ya /system/xbin, mchezo kwisha. Simu za leo ukigeuza hata kipande kidogo cha /system zinajua na zinagoma.

Ingia Paramètres, À propos du téléphone, utafute "Niveau du correctif de sécurité". Kwa Android 12 hutakuta tarehe ya kabla ya 2021. APK ya kupita mkono kwa mkono kwa Xender haina dirisha la simu hiyo. Sasa jiulize: kama kuruti haiwezi, hizo asilimia zinazopanda hadi mia zinafanya kazi gani?

Temeke_Damu

Fundi umemwaga somo, lakini bado unatisha watu. KingRoot nimeitumia hadi Android 5.1, hakuna nilichoibiwa.

Fundi_Nyawera

Hadi 5.1 nakukubalia bila ubishi. Ndiyo mipaka yake ya dhahabu. Lakini fikiria inafanyaje kazi. KingRoot na ndugu zake hawabebi tundu moja. Inasoma modeli yako na toleo la kerneli, inauliza seva yake kule mbali, seva inarudisha programu ya kupenyea inayofaa simu hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walizichambua kampuni za namna hii wakakuta moja ina zaidi ya programu 160 za kupenya zimepangwa ghalani, na wakasema ulinzi wa hizo ghala ni dhaifu kiasi kwamba mtu mbaya anaweza kuchota na kutumia kwa shughuli zake.

Mwaka uliofuata, Juni 2016, Trend Micro wakatangaza virusi walivyoviita Godless. Vilikuwa vinaruti simu za Android 5.1 kushuka chini bila kumuuliza mwenyewe, halafu vinaweka apli vinavyotaka. Tundu mojawapo walilotumia ni lile lile la futex la Towelroot. Anayekuletea ruti na anayekuletea virusi wanapita pamoja, tofauti ni wanachofanya wakishaingia, na wewe ukiwa nje unaona asilimia zinapanda tu.

Nieleze ninachokiona mezani, maana hiki ndicho kinasumbua wateja. Mtu anakuja, simu inafungua matangazo kabla hata hajaweka namba ya siri. Kuna apli tatu nne hazina jina, alama yake ni ile roboti ya kijani. Anasema ameshafanya "réinitialisation" na zimerudi. Zitarudi tu. Réinitialisation inafuta /data, yaani vitu vyako. Haigusi /system, yaani mfumo wenyewe. Kitu kilichopata ruti kinajihamishia /system, na hapo wewe ukifuta picha za watoto wako chenyewe kimekaa kinakuangalia. Dawa ni kuflashi, yaani kuandika mfumo wote upya kwa kompyuta.

Na hapo kuna mtego wa pili, mafundi wachanga mnisikilize. Kwa MediaTek ukifungua SP Flash Tool, chagua "Download Only" au "Firmware Upgrade". Ukibonyeza "Format All + Download" kwa haraka zako, unafuta na NVRAM, sehemu inayohifadhi IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na vipimo vya redio. Simu inawaka vizuri, inameremeta, mteja anaweka kadi, inaandika "Invalid IMEI" na mtandao hakuna. Chukua nakala ya NVRAM kabla ya chochote.

Panzi_243

Fundi kwa kuwa umetaja IMEI. Nilinunua simu ya okazyo, yenye ilishatumika, iko na compte Google ya mtu mwingine na kadi inakatala. Nikiruti naweza kubadilisha IMEI?

Fundi_Nyawera

Hapo sijibu, wala hapa wala inbox. Rudi kwa aliyekuuzia akupe karatasi ya duka au akurudishie pesa.

mama_cabine_Essence

Mwanangu fundi, mimi niko na cabine, natuma na kutoa pesa ya watu kwa simu. Tangu benki zetu zilifunga 2025 pesa yote imehamia kwa simu, hata mshahara wa mtu unapita hapa. Kijana mmoja ananiambia aniwekee ruti ili simu iache kukwama. Je, kazi yangu itaendelea?

Fundi_Nyawera

Mama, shikamoo. Menyu ya kupiga nyota na reli itaendelea, kwa sababu hiyo inaongea moja kwa moja na mtandao, haijali simu ina ruti ao haina. Apli za pesa na za benki ndizo zinaweza kukataa. Nyingi zinauliza Google kama simu bado iko katika hali ya kiwandani. Zamani ukaguzi huo uliitwa SafetyNet, sasa ni Play Integrity. Simu ikijibu vibaya, apli haifunguki, na kila watu wakipata njia ya kuificha ruti Google wanaifunga.

Lakini si hilo linalonitia wasiwasi kwako. Mwenye ruti anasoma SMS zote, anaona kinachoandikwa kwenye skrini, anaingia chumba cha WhatsApp na kutoka na mazungumzo bila neno la siri. Hiyo ni simu ya kazi yenye pesa ya watu. Usimpe mtu airuti, hata awe mtoto wa dada yako. Simu inakwama kwa sababu memori imejaa: toa video za WhatsApp, acha angalau giga moja ao mbili wazi, uizime na kuiwasha. Ikiendelea njoo Nyawera nikuangalizie.

Kamalondo_Linux

Salamu toka Lubumbashi. Fundi amesema kweli ila nimrekebishe kidogo: madirisha mapya yapo. Mwaka 2019 mtu wa XDA alitoa mtk-su, tundu la MediaTek lililoanzia kwenye tableti za Amazon Fire. Liligusa chipu nyingi mno, na Google walilitia kwenye orodha ya viraka ya Machi 2020, CVE-2020-0069. Ukiwa na simu ya MediaTek yenye kiraka cha kabla ya hapo, mstari mmoja wa amri unakupa ruti ya muda, inayeyuka ukizima simu. Na 2022 kulikuwa na Dirty Pipe, CVE-2022-0847, kwa kerneli kuanzia 5.8, iliyogusa simu kama Pixel 6 na Galaxy S22. Haikudumu, ilizibwa upesi.

Kwa simu ya mzee sasa. Hiyo ya 4.4.4 ndiyo simu halali ya mchezo huu. Ila mudogo, uliza kwanza mzee anaitumia kwa nini. WhatsApp haikubali tena Android 4.4, na ruti haibadilishi hilo. Kama ni ya kupiga, kupokea, radio na picha, ruti inasaidia kwa jambo moja kubwa: Link2SD. Unagawa kadi ya memori sehemu mbili kwa kompyuta, ya kwanza kwa mpangilio wa FAT32 ya picha na nyimbo, ya pili kwa mpangilio wa ext4. Link2SD inahamishia apli kwenye ile ya pili na kuacha kiungo tu ndani ya simu, mfumo unadhani hazikuhama. Kwa giga 8 ambazo mfumo wenyewe umeshakula sehemu, utasikia tofauti. Nunua kadi nzuri lakini. Kadi za bei ya maandazi zinakufa, na ikifa apli zote zilizohamia zinakufa nayo.

Temeke_Damu

Kwa hiyo hapo KingRoot ruksa?

Kamalondo_Linux

Kwa hiyo simu ya mzee, kama hakuna njia nyingine, na kama imetolewa kadi ya SIM yenye pesa na akaunti ya Google. Mimi bado ningepita mlangoni. Kama ni Samsung: kwa Odin, programu ya kompyuta ya kuflashi Samsung, unaweka TWRP (recovery, sehemu ya kutengenezea simu) ya modeli hiyo hiyo, humo unaandika zip ya SuperSU, ndiyo ruti yenyewe, umemaliza. Utalipa kitu kimoja: kwenye zile zenye Knox, ulinzi wa Samsung, kihesabu kinageuka 0x1 na hakirudi, ni fyuzi iliyoungua ndani ya chipu. Kwa simu ya 2014 garanti ilishakwisha zamani, haikuumizi.

Mtu akishaweka KingRoot halafu akatamani kuitoa na kuweka SuperSU mahali pake, ndipo nimeona simu nyingi zikikwama kwenye logo. KingRoot inajishikiza sehemu nyingi na haipendi kufukuzwa.

kijana_Kadutu

Aksanti sana bakubwa. Kumbe ya mzee iko na njia. Lakini hii yangu ya Android 12 sasa? Mimi nilitaka tu zile apli zitoke na matangazo yatulie. Na mega za bure hamukunijibu.

Fundi_Nyawera

Mega za bure: hakuna. Mega hazikai ndani ya simu, zinahesabiwa kwenye mitambo ya mtandao. Hata ukiwa root wa simu elfu, kule kwao wewe ni namba tu yenye salio ao isiyo na salio. Anayekuuzia ruti ya mega anakuuzia virusi.

Apli za kutoa, ruti huihitaji kabisa, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa watu wangeijua kabla ya kuanza kutafuta APK. Nenda À propos du téléphone, gusa "Numéro de build" mara saba, itakwambia umekuwa développeur. Rudi kwenye Système, Options pour les développeurs, washa "Débogage USB". Kwenye ordinateur ya yaya yako pakua platform-tools za Google, ndimo ilimo adb, programu ya kuongea na simu kwa waya; ni faili dogo, halitakula mega zako. Chomeka waya, simu itauliza kama unaiamini kompyuta hiyo, kubali. Kisha andika kwenye dirisha la amri la ordinateur:

adb devices

Ukiona namba ya simu na neno "device" mnaelewana. Ukiona "unauthorized" hujakubali kwenye skrini ya simu. Ukiona patupu, mara nyingi ni waya wa kuchaji tu usiopitisha data, badilisha waya kabla hujaanza kulaumu Windows.

adb shell pm list packages

Hiyo inaleta orodha ya majina marefu. Usifute kitu usichokijua. Chukua jina, litafute mtandaoni, uone ni nini. Mfano com.facebook.appmanager, com.facebook.services na com.facebook.system ni vipande vinavyokaa nyuma hata kama huna akaunti ya Facebook, na hakuna kinachovunjika ukivitoa:

adb shell pm uninstall --user 0 com.facebook.appmanager

Ule mkia "--user 0" ndio wa maana. Unatoa apli kwa mtumiaji wako, faili lake la asili linabaki kwenye /system limelala. Ukikosea unairudisha:

adb shell cmd package install-existing com.facebook.appmanager

Na ukifanya réinitialisation kila kitu kinarudi kama kilivyotoka dukani. Namba 0 hapa ni mtumiaji wa kwanza wa simu, siyo yule root, watu wanachanganya. Usiguse com.android.systemui, com.google.android.gms, com.android.phone, com.android.settings, wala launcher na klaviye kama huna nyingine umeshaiweka.

Huna ordinateur? Android 11 kuendelea ina "Débogage sans fil". Weka apli ya Shizuku, fuata maelezo yake ya kuunganisha, halafu apli ya Canta inakuonyesha orodha na kutoa kwa kugusa. Inataka simu iwe kwenye Wi-Fi, lakini Wi-Fi hiyo haina lazima iwe na intaneti. Hotspot ya simu ya jirani isiyo na hata mega moja inatosha.

Matangazo: Paramètres, Réseau, "DNS privé", chagua "Nom d'hôte", andika dns.adguard-dns.com. Iko kwenye Android tangu 9. Itanyamazisha mengi ya ndani ya apli na ya browser, ya YouTube hapana. Ukiona siku moja intaneti yote imekata na mega unazo, rudisha kwenye "Automatique" uone. Mara nyingi ni hiyo. Na matangazo yanayotokea bila kufungua kitu, yanatoka kwa apli fulani uliyoweka mwenyewe. Tangazo likitokea, bonyeza kile kitufe cha mraba cha apli zilizo wazi, utaona jina la mwenye kulileta.

Temeke_Damu

Hii ya pm uninstall sikuijua. Fundi nimekusamehe.

Bagira_Tech

Na mtu anayetaka ruti ya kweli kwa Android 12, ya kujifunza? Mimi niko informatique, nataka tu.

Fundi_Nyawera

Kutaka tu ni sababu, sikatai. Pita mlangoni. Options pour les développeurs, "Déverrouillage OEM". Kama haipo ao imefifia, mtengenezaji amekunyima, hapo kubali yaishe. Xiaomi wanakusubirisha siku kadhaa, Huawei waliacha kutoa namba za kufungua tangu 2018. Kufungua kunafuta kila kitu ndani ya simu, kwa makusudi, ili mwizi asifungue na kusoma vitu vyako. Kwa hiyo hamisha picha na WhatsApp kwanza.

Halafu Magisk, ya John Wu, iliyoanza 2016. Haigusi /system, inageuza faili la kuwashia. Unatafuta romu ya kiwandani, yaani mfumo wote wa simu kwenye faili, yenye "Numéro de build" sawasawa na ya simu yako, herufi kwa herufi, unatoa boot.img, ndilo hilo faili la kuwashia, ndani yake, ama init_boot.img kama simu ilitoka na Android 13 kuendelea. Unaipeleka kwenye simu, Magisk inaitengeneza na kuacha faili jipya kwenye Download linaloanza na magisk_patched, unalirudisha kwenye kompyuta na kuliandika kwa fastboot, iliyomo pia ndani ya platform-tools. Boot.img ya asili usiitupe, iweke mahali utakapoiona simu ikigoma kuwaka, maana ndiyo itakayokutoa: unaiandika ile ya zamani, simu inarudi.

Ni romu ya build nyingine inayoua simu nyingi, kuliko kitu kingine chochote nilichokiona. Mtu anaona modeli ni ile ile, anasema itaenda.

Pakua Magisk kwenye GitHub ya mwenyewe, kuna tovuti nyingi zimejipa jina lake. Na hapa kwetu tumia laptopu yenye batri inayokaa, siyo kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika katikati ya kuandika butiloda, hata mimi sikuahidi kitu.

kijana_Kadutu

Nimerudi. APK nimeifuta. Nimetumia ordinateur ya yaya, ilikuwa inaleta patupu kumbe waya kweli, wa pili ukakubali. Vile vya Facebook vimetoka, na store moja yenye ilikuwa inainstalla michezo yenyewe, na browser ya pili. Ile ya matangazo ilikuwa "lampe torche" nilikuwa nimepakua zamani, mraba ulinionyesha jina lake.

Shida moja: nimetoa kitu cha "theme", sasa nikitaka kubadilisha foto ya fond d'écran inafunga yenyewe.

Fundi_Nyawera

Umetoa kinachobeba na kichagua picha. Jina la package unalikumbuka? Kama hulikumbuka, toa orodha mbili:

adb shell pm list packages -u
adb shell pm list packages

Ya kwanza ina hata zile ulizotoa, ya pili ina zilizobaki tu. Iliyopo kwenye ya kwanza na haipo kwenye ya pili, yenye neno "theme", irudishe kwa install-existing.

kijana_Kadutu

Imerudi, fond d'écran inaenda. Jioni naanza ya mzee. Yaya Kamalondo, kadi ya giga 16, ile ext4 niipe ngapi?

Kamalondo_Linux

Giga 2 zinatosha kwa apli za 4.4. Zote mbili ziwe "primaire", FAT32 itangulie, ext4 ifuate, la sivyo simu itasema kadi imeharibika. Na picha za mzee zitoe kwanza uziweke kwenye ordinateur, kugawa kadi kunafuta vyote.

kijana_Kadutu

Sawa. Mzee anauliza kama namba zake zitabaki.

Kamalondo_Linux

Zilizoko kwenye SIM hazina shida. Za ndani ya simu, ingia Contacts, "Exporter", utapata faili la .vcf, lihamishe nalo.